Lori la Kurudi Maswa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Siku ya sita chini ya lori. Springi ya nyuma imekatika majani mawili ya chuma. Aliyeniuzia alisema gari linahitaji maji na dizeli tu. Mgongo unauma. Mchanga mdomoni. Tangu baba afariki, barua za wadogo zangu kutoka Maswa ni zilezile: kaka, rudi, mji wa baba hauna mkubwa. Miaka kumi na mmoja nimeendesha matrekta ya watu hapa Ifakara. Inatosha.

Jumatano, 5 Juni
Springi tayari. Sasa breki. Pedali inazama mpaka chini. Tumebadilisha raba, tumetoa upepo kwenye mabomba mara nne. Bado. Nimemtukana fundi Saidi bure. Aliendelea kufungua nati. Nimeona haya.
Mke wangu Anastazia alidamkia shambani kwake Michenga, amerudi jioni. Mpunga umeanza kuiva. Hajafunga hata sufuria moja ya safari. Nimechoka.

Ijumaa, 7 Juni
Breki zimeshika. Kumbe bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tumejaribu mpaka Kibaoni na kurudi. Saidi alipiga makofi. Mimi sikusikia furaha yoyote.
Akauliza safarini tutakuwa wangapi. Nikasema watatu: mimi, mama Limi na mtoto. Nilisema haraka mno. Ukweli ni kwamba sijui.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi nikifunga turubai, Limi alikuja kunisalimia. Shikamoo baba. Kisha akaniambia mama amemnunulia daftari jipya la shule. Shule ya hapa. Nikaacha kamba, nikaenda nyumbani na grisi mikononi.
"Mbona hufungi vitu?"
Anastazia alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama.
"Nifunge niende wapi?"
"Nyumbani."
"Kwenu, Baba Limi. Mimi Mndamba, nyumbani kwangu ni hapa. Wiki nzima unalihangaikia hilo lori. Mimi hujaniuliza hata siku moja."
Nikakaa chini. Ni kweli. Nililijua jibu, ndiyo maana nilikuwa nalala chini ya gari mchana kutwa. Breki unaweza kuzifungua ukaona ubovu uko wapi.
Nikamwuliza. Utakuja?
Alipepeta ungo mara mbili, akauweka chini.
"Nivune kwanza. Baada ya hapo sijui. Usiwaambie ndugu zako kwamba nakuja."

Jumatatu, 10 Juni
Nimeondoka. Wadogo zangu wananingoja, na baba hakuacha mwingine mkubwa. Limi alilia sana. Mama yake hakulia. Alinifungia wali na kambale wa kukaanga, akanipa mkono kama anayemuaga mgeni. Nilitaka kuzima injini. Sikuzima. Sijui kama mimi ni mtoto mwema au mume mbaya.

Jumatano, 12 Juni. Dodoma
Lori halina tatizo. Milima ya Mikumi limepanda bila kuchemsha. Barabara kavu, upepo, vumbi.
Mchana mtu mmoja mwenye gunia aliomba lifti mpaka Manyoni. Nikamwambia mbele kuna mtu, apande nyuma. Akachungulia dirishani, akaona kiti kitupu. Akanitazama.
Akapanda nyuma.