Kosa Langu Ulilolibeba Ziwani

Papa Bonane,

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike, na mimi bado napita njia ya kwako kama mtu anayekwenda kukusalimu. Nikifika kwenye kona ndipo nakumbuka. Huku Goma watu wamekimbilia tena kutoka Rutshuru, wamejaa juu ya mawe meusi ya volkano, na kipindupindu kimerudi. Nami nimeteuliwa kuongoza afya ya eneo letu lote. Ungecheka. Wewe ndiye uliyeniita "Docta" nilipokuwa msichana nisiyejua hata kuvaa glavu.

Wamenitaka niandike wasifu wangu, kazi zote tangu mwanzo. Nikaandika chuo, nikaandika hospitali, karatasi ikajaa majigambo. Ya ziwani sikuiandika. Unajua kwa nini.

Mwaka ule watu walipokimbia vita Kiwanja, ulikuwa msimamizi wetu sisi tuliotia klorini kwenye bidoni, yale madumu ya maji, pale ufukoni mwa ziwa. Bomba moja la sindano kwa kila bidoni, ulitufundisha, si zaidi. Mimi na kimbelembele changu, nilipoona wagonjwa wanaongezeka, nikatia mara mbili. Nilifikiri dawa ikizidi na uzima utazidi. Maji yakanuka. Wanawake wakayamwaga, wakaenda kuchota kule kwenye matete, ambako hakuna aliyewatilia kitu. Baada ya siku chache machela zikaanza kutoka upande ule. Mtoto mmoja wa kike hakurudi kwa mama yake.

Wakubwa walipokuja kuuliza, ulisema ni wewe uliyetuamuru kutia mara mbili. Wakakuvua usimamizi, ukabaki mbeba mapipa hadi ulipoacha kazi. Nilikufuata nikilia, ukaniambia, "Nyamaza, Docta. Weye uko na masomo mbele. Miye niko na mikono tu." Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri mno, Papa.

Kesho yake ulinichukua, tukaingia hema kwa hema. Hukuhubiri. Uliketi chini, ukaomba maji ya bidoni yaliyotiwa klorini kwa kipimo, ukanywa, ukanipa nami ninywe, kisha ukauliza habari za nyumbani walikotoka. Neno la klorini lilikuja mwisho kabisa. Leo nawaagiza wafanyakazi wangu wafanye hivyo hivyo, na watu wananisifu kwa busara ambayo si yangu.

Kwenye kilio chako nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema ulikuwa mwalimu mwema, nikaketi. Nilijionea aibu.

Basi juzi nilikwenda kwa mke wako, Mama Furaha. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikamweleza yote. Nilidhani anajua, maana mtu hufungua moyo nyumbani kwake. Kumbe hata yeye hukumwambia. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Akasema polepole, "Myaka yote nilimuita muzembe. Mbele ya batoto."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniagiza nirudi Jumapili baada ya misa, watoto wenu wote wakiwepo, niyaseme tena kwa kinywa changu.

Nitakwenda, Papa. Naogopa, lakini nitakwenda. Ule wasifu nimeuchana. Mpya unaanza na ziwa, na kosa langu, na jina lako. Wakubwa wakiona sifai kuongoza, wana haki ya kusema hivyo, nami nitawasikiliza. Mama wa yule mtoto sijui aliko. Kila kambi ninayoingia namuulizia, na sitaacha.

Pumzika sasa. Umebeba vya kutosha. Jumapili wanao watajua kwamba hawakulelewa na mzembe.

Espérance