Chumvi ya Baba

Katuba, Lubumbashi

Yaya yangu Fatouma,

Assalam alaykum. Pokea salamu za nyumba yote, kuanzia Baba mpaka yule paka asiye na haya. Afya yako iko namna gani? Na shemeji, na ile joto ya Dar es Salaam? Sisi tuko bazima, alhamdulillah. Baba anakula muzuri, magoti tu njo yanamusumbua. Hii karatasi nampa Mama Séphora anayekuja huko kufuata bidhaa, sababu audio zako zote Baba anazisikiliza, tena kwa sauti ya juu. Na hii habari, yeye asiisikie.

Yaya, nimechoka na aquarium yako, hili sanduku la kioo la maji ya chumvi. Nimechoka kweli! Ulipoondoka uliniambia kazi iko ndogo: kukata kipande cha matumbawe laini kwa wembe, kukiweka juu ya jiwe, kungoja kikamate. Kazi ndogo! Bile bintu binatoa ute kama bamia. Nikifunga na uzi, uzi unakata nyama. Nikibandika na colle, ile gundi, kinateleza. Ukasema nifunike na kitambaa cha matundumatundu. Nikatafuta nikakosa, mwisho nikakata voile yangu, shela ya ndoa. Ndiyo, ile ile. Idriss aliporudi kazini akaniuliza kama ndoa yetu imekuwa wavu wa samaki.

Basi, bipande bikakamata? Bikamate wapi! Leo binafunguka, kesho kutwa binajikunja, binageuka uji, harufu inajaa salon. Courant ikikatika, pampu ya hewa inazimika, nasimama na kikombe, nachota maji na kuyamwaga tena yapate hewa, mpaka mukono unakufa ganzi. Jirani Régine ananiuliza haya matumbawe tutayapika lini. Na wewe kwa audio unaniuliza kama ninayaangalia kweli. Wallahi, nilitaka kutupa simu ndani ya maji.

Nikamushuku Idriss. Nikasema anaingiza mikono yenye sabuni. Akaapa, nikamuita muongo, tukabaki tunapitana kwa korido kama bapangaji.

Sasa sikiliza. Ijumaa nilirudi mapema kutoka soko. Nikamukuta Baba amesimama mbele ya aquarium, na yale magoti yake, ameshika kopo ya chumvi ya jikoni. Alikuwa ananyunyiza kwa vidole, polepole, namna alivyonyunyizia samaki za biashara yake kule Pweto. Akanielezea kwamba maji ikipunguka, chumvi nayo imepunguka, na yeye ametia samaki chumvi maisha yake yote, nani atamufundisha? Yaya, maji tu njo yanakauka, chumvi inabaki! Wewe mwenyewe ulinifundisha niongeze maji matamu, yale yasiyo na chumvi, basi.

Nikauliza nani alimutuma. Akasema ni wewe. Siku ya safari, pale mulangoni, ulimuomba akuangalilie chumvi. Najua ulitaka tu anikumbushe kuipima. Lakini ulimuambia nani? Muntu wa samaki!

Nilifungua mudomo nimuambie yeye njo anayeyaua. Akanitangulia. Akasema tangu aache biashara, batoto bote tunamuambia akae kwa kiti, apumzike. Fatouma peke yake njo alimuachia kazi. Nikamurudishia kopo jikoni.

Idriss nimemuomba musamaha. Kimebaki kipande kimoja, chini ya voile yangu. Sitaki kife, na sitaki Baba arudi kwa kile kiti. Kwa hiyo umupigie wewe. Umuambie chumvi imetosha, kazi imebadilika: sasa kila asubuhi aongeze maji matamu mpaka kwa alama ya kioo. Mimi nikimuambia, nitakuwa nimemunyang'anya kazi. Ukimuambia wewe, umemupa ingine. Mpaka upige, akimaliza kunyunyiza na kwenda kusali, mimi nachota yale maji na kutia mengine matamu, ndoo kwa ndoo. Mugongo unaniuma, Yaya. Piga!

Salamu kwa shemeji. Baba ananiona naandika, anakusalimia sana. Anasema nikuambie usiwe na wasiwasi, kazi yako anaifanya kila siku.

Mudogo wako,
Ramla