Kinga, Si Tiba

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na cherehani chako, ambacho nakihesabu kuwa mmoja wa watu wa nyumba hiyo. Sisi huku hatujambo, nami naendelea vizuri kuliko ninavyostahili. Kwanza niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Mtu aliyefundisha uandishi wa barua kwa miaka thelathini na sita hana udhuru.

Nilipoanza dawa za kifua kikuu ulinitumia bahasha ya majani makavu, na kikaratasi chenye mstari mmoja: Kaka, hii ni kinga ya ini, unywe kabla ya dawa. Nilikisoma mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nilijiambia kwamba mtu hujikinga na ugonjwa, hajikingi na dawa. Nikalikata neno “kinga”, juu yake nikaandika “tiba”, nikakurudishia kikaratasi kwa posta bila hata asante. Na niliyemsahihisha ni wewe, uliyeacha shule darasa la nne ili mimi niendelee.

Wiki ya sita macho yangu yaligeuka manjano, chakula kikanichukiza, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Daktari alitazama majibu ya damu, akaniambia bila kupindisha kwamba dawa zinazoniponya kifua zinaniumiza ini. Alizisimamisha zote siku ileile. Nikabaki njia panda: nikizimeza, ini litakwisha, nikiziacha, kifua hakitanisubiri.

Siku hizo alikuja kunijulia hali mwanafunzi wangu wa zamani, yule msichana tuliyempa jina la Maswali, ambaye sasa ni mtafiti wa maabara. Aliiona bahasha juu ya kabati, akauliza, kama kawaida yake. Nilimpa yote, nikifurahi kupunguza takataka.

Juma lililopita alirudi na ripoti, akaniomba nimsahihishie lugha. Nilipomkemea kwamba sentensi zake hazina mwisho, alicheka, akasema panya wake hawajui sarufi lakini mtihani wameufaulu. Nikasoma. Panya walionyweshwa maji ya majani yako kabla ya kupewa dawa kali, maini yao yalibaki karibu mazima. Walionyweshwa baada ya kuumia hawakufaidika kitu. Kisha ikafuata sentensi fupi kuliko zote: Majani haya ni kinga, si tiba.

Kalamu ilisimama palepale. Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwahi kufikiri kwamba mkuu anaweza kuwa mdogo wangu.

Sasa lile ninaloona haya kulitamka. Majani yako sikuyanywa hata funda moja. Ulipompigia simu wifi yako, ukashukuru kwamba yamenifaa, nilimwashiria asikukatalie. Niliona afadhali ufurahie uongo kuliko ujue nimeyadharau. Ini langu limepona kwa kupumzishwa dawa na kwa uangalizi wa daktari.

Usitume mengine. Daktari amenikataza, kwa kuwa panya si watu na kipimo chake kwa binadamu bado hakijulikani, nami safari hii natii. Ila Maswali anaomba aje aone unavyoyachuma na kuyaanika, na jina lako liandikwe katika ripoti. Ukubali au ukatae, ni haki yako. Ujuzi ni wako.

Asante kwa majani, mdogo wangu. Asante pia kwa darasa la tano ulilonipisha, ambalo sijapata kukushukuru hadi leo.

Kikaratasi kile, kama hukukichoma, nirudishie. Nataka kulikata neno langu kwa wino uleule na kulirudisha lako.

Alhamisi madaktari watakaa kuamua kama nirudishiwe dawa, na ipi itangulie. Sikufichi, naogopa. Wakishaamua tu, nitakaa mezani siku hiyohiyo nikuandikie.

Mfikishie shemeji salamu zangu.

Ni mimi kaka yako,
Kalamu Nyekundu