Papa, Wanataka Nisimame Mahali Pako

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako hapa nyumbani kwetu Nengo. Redio yako imenyamaza tangu betri zilipokwisha, na sijapata moyo wa kununua nyingine. Nina habari moja, nawe ndiye uliyestahili kuisikia kwanza. Ile hoteli ya ufukweni uliyoitumikia maisha yako yote imeniita. Meneja mpya, mama mmoja mpole, anataka nichukue kazi yako ya kucheza tenisi na wageni waliokuja bila mwenzao. Jumatatu nampa jibu.

Najua ungekunja uso. Siku niliyoondoka kwenda kwenye mafunzo Nairobi ulinishika mabega pale getini kwa hoteli ukaniambia, "Mama, we cheza dunia yote, lakini usirudi kusimama upande huu wangu wa wavu." Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na ukiniita hivyo sikuwa na njia ya kukubishia. Nikaitikia.

Watu hawakujua kazi yako ilivyokuwa ngumu. Walikuona kwa mbali umevaa kaptula nyeupe, ukikimbia polepole kama mtu anayewaswaga kuku wake bandani. Hawakujua kwamba ulikuwa unashindwa kwa ustadi. Mgeni mwenye kitambi ulimletea mpira karibu na mkono, asihangaike. Aliyejiona bingwa ulimtangulia kwanza, apate wasiwasi kidogo, kisha ukamwachia, ili wakati wa chakula awe na cha kusimulia. Walikupigapiga begani: leo umenitoa jasho, mzee! Nawe ulicheka, ukachukua ufagio ukaenda kusafisha mistari ya uwanja. Niliwahi kukuuliza kwa nini hushindi hata mara moja. Ulinitazama kana kwamba nimetukana mtu.

"Bageni habakuyaka huku kushindwa," ulisema. "Bamekuya kupumuzika."

Ndivyo ulivyonifundisha na mimi. Wageni wakishaondoka, kabla hujaumwagia maji ule udongo mwekundu, tulipigiana mpira, na kila ulionijia ulikuja mahali nilipoweza kuufikia. Nami nilikurudishia vivyo hivyo. Nilidhani huo ndio mchezo wenyewe.

Nilikuja kuujua ubaya wake nilipokuwa tayari mchezaji wa kulipwa, katika mashindano ya Tunis. Mpinzani wangu aliteleza akaangukia pembeni, uwanja mzima ukabaki wazi. Mpira ukanijia laini, hata mtoto angeumaliza. Mkono wangu ukasubiri ainuke, kisha ukampelekea palepale aliposimama, kwa adabu zote. Kocha wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye aliniuliza, "Kwani ulikuwa unamchezea nani?" Ningemwambia nini, Papa? Kwamba kwetu mgeni hakimbizwi?

Nilisifiwa sana na nilifungwa sana. Walisema nina mkono mtamu, napendeza kutazamwa. Ilinibidi nijifunze ukatili nikiwa mtu mzima, na niliujua vya kutosha kushinda mechi zangu, kuzunguka nchi za watu na kuishi kwa raketi hadi bega lilipokataa. Lakini kila nilipochoka, mkono ulirudia adabu zako. Kuna siku nilikuchukia kwa ajili hiyo, na kuna siku ulikuwa ndiyo nyumba pekee niliyokuwa nayo kule ugenini.

Lakini kuna mpira mmoja unaoninyima raha. Ulikuwa mchezo wetu wa mwisho kabla sijaondoka. Nilikuwa nakutania, leo nakufunga, mzee, leo utaita watu. Nikaukimbilia wavu kwa mbwembwe. Ukaupiga mpira, nami sikuuona ukipita. Nilisikia tu, nikageuka, nikakuta vumbi linatulia juu ya mstari. Ulikuwa umeziba mdomo kwa kiganja.

"Pardon, Mama," ulisema. "Imeniponyoka."

Nilicheka, nikakuamini. Baada ya hapo ulinirudishia mipira mizuri hadi tukaacha. Sasa nimeshasimama mbele ya wanawake wanaoujua mchezo huu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mpira ule niliuona kwao mara chache sana. Ule hauponyoki, Papa. Ulikuwa nao mkononi miaka yote, umeufungia. Uliwezaje? Ulikuwa unajisikiaje ukirudi nyumbani jioni, umeshindwa na mtu asiyejua hata kushika raketi?

Niliporudi tulikuwa na muda wa kutosha wa kuulizana. Tuliumaliza kwa kuongea habari za dawa zako na mvua. Mama mzazi alikuwa ameshatangulia kaburini, tukawa tumebaki wawili tu, na hata sisi wawili tulikuwa tukitunzana kwa maneno mepesi. Kisha nawe ukamfuata.

Shangazi huvuka mpaka kutoka Goma akipata nafasi, ananiletea sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, anatazama viti vitupu. "Donc utabaki mu hii nyumba na nani?" ananiuliza. Namwambia niko salama. Akiondoka naosha sahani moja na kikombe kimoja. Asubuhi nachukua raketi naenda kupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya shule, na majirani wanaopita wananipungia mkono kwa heshima, wanasema yule ni bingwa wetu, tusimsumbue. Wananiheshimu hadi hakuna anayebisha hodi. Kuna siku nzima hupita sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Jana nilipita hotelini kuutazama uwanja. Mama mmoja mgeni, mzee kidogo, alikuwa amekaa kwenye benchi na raketi magotini, anatazama ziwa. Alikuwa hana wa kucheza naye. Alinitabasamia, akaniuliza kama nina nafasi. Nilimjibu kwamba nina haraka, nikaondoka. Haraka ya kwenda wapi, Papa?

Jumatatu nitakubali. Nilikuitikia pale getini na ninajua nilichokuitikia. Uliniepusha na kushindwa kila siku mbele ya watu, lakini hukuwahi kuniambia ningefanya nini siku ambayo hakutakuwa na mtu kabisa. Nitawaachia wageni washinde, wote, hadi wanipigepige begani. Nisamehe. Nahitaji mtu yeyote asimame mbele yangu.

Ni mimi binti yako, unayeniita Mama.