Makao Makuu Yamekwenda Iringa

Mbeya, Jumapili, Julai 1976

Leo baridi imeuma tangu alfajiri. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukalala juu ya mabati mpaka tulipotoka kanisani, na watoto wameshinda jikoni wakigombania kigoda kilicho karibu na moto. Lakini moyoni nina joto, na nataka kuandika kabla halijapoa.

Tumeshindwa. Mji wetu umeshindwa, na mimi nashukuru.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikayasoma haya baadaye nikajiona mwendawazimu. Mwaka huu wote Mbeya na Iringa zimekuwa zikigombea makao makuu ya kanda ya shirika moja kubwa la umma. Ofisi za ghorofa, nyumba za wafanyakazi, karakana, zahanati yao wenyewe. Hapa kwetu watu walisema: tuna reli mpya, tuna barabara ya Zambia, nani atatuweza? Iringa nao wakasema wao wako karibu na Dar es Salaam na hewa yao ni nzuri zaidi. Basi kila mji ukajipamba kama mwari.

Wageni wa shirika walipokuja kukagua, mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Mimi mwenyewe niliwafundisha darasa la nne wimbo wa kuwakaribisha. Akina mama wanaouza mboga karibu na stendi waliambiwa wasionekane mpaka wageni waondoke. Nilidhani aibu hiyo ni ya kwetu peke yetu. Likizo ya Juni nikaenda nyumbani kwetu Mlandege, Iringa, nikakuta mawe yamepakwa chokaa vile vile na wauza nyanya wamefukuzwa vile vile. Miji miwili, kila mmoja unawaficha maskini wake ili upewe kazi za kuwasaidia maskini.

Nilicheka peke yangu pale barabarani. Halafu nikaacha.

Mume wangu Elia ni seremala. Kazi zake siku hizi ni za kubahatisha: mlango leo, jeneza wiki ijayo, kiti kilichovunjika mguu. Alipoambiwa atengeneze meza ya wageni kulia chakula, alifurahi kama kijana. Aliamini wakiiona watauliza, nani fundi huyu? Na ofisi zikijengwa Mbeya, fundi huyo ataitwa.

Tatizo lilikuwa kiwanja cha ofisi hizo. Walichagua mteremko wa mlimani wenye udongo mweusi, na katikati yake ni shamba la mama mkwe wangu. Hapo amelima viazi na maharage tangu alipoolewa, hapo amewalea Elia na dada zake. Wakubwa fulani walikwisha kujigawia viwanja vya kuzunguka hapo, mahali penye upepo mzuri. Yeye akaambiwa atapewa shamba jingine chini huko Usangu, kwenye joto na mbu, mama aliyezaliwa na kuzeekea kwenye baridi.

Alijibu neno moja tu. "Sawa."

Elia hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Yeye ni mwanawe, na anahitaji kazi, na mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Na kwa upande wangu kulikuwa na mdogo wangu Festo, anayefyatua matofali kule Mlandege, ambaye naye alikuwa akiomba Iringa ipewe ili apate pa kuyauza. Kila nilipopiga magoti sikujua niombe nini. Mara nyingi niliishia kusema, Bwana, unajua mwenyewe.

Alhamisi mwalimu mkuu akatutangazia ofisini: ni Iringa.

Elia aliporudi nyumbani alivua koti, akalivaa tena, akakaa. Ijumaa hakwenda kwenye karakana yake. Jumamosi hakwenda. Hakuwa mkali kwa mtu. Afadhali angekuwa mkali.

Leo baada ya ibada mama mkwe akashuka na kapu la viazi. Nilitegemea kumwona amefurahi, na niliogopa furaha yake itamchoma mwanawe. Kumbe hakuwa na furaha usoni. Aliketi, akatoa viazi, akawa anapangusa udongo kwenye kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Mwanangu, unisamehe. Nilikuwa naomba mshindwe."

Elia akamtazama. "Uliomba, mama?"

"Kila siku. Hata ile siku ulipobeba meza yako kwenda bomani, nilikuombea njia njema, halafu nikaomba mshindwe."

Hapo Elia akacheka. Alianza polepole, kama mtu anayekohoa, mwisho akawa anafuta machozi kwa mkono wa koti. "Mama," akasema, "kila nikipiga randa ile meza nilikuwa naona natengeneza jeneza la shamba lako. Na bado kazi niliitaka. Nilitaka vyote viwili."

"Hata mimi nilitaka vyote," akajibu mama yake.

Nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Mchana basi la Iringa likamleta Festo. Tulimsikia kabla hajafika mlangoni. "Kamwene!" alipaza salamu kwa Kihehe chetu, na watoto wakamrukia. Hakukaa hata dakika kabla hajasema lililomleta. "Shemeji, wanatafuta maseremala. Nimemwambia msimamizi ninaye mmoja Mbeya. Utalala kwangu."

Niliona kiburi kinapanda na kushuka shingoni mwa Elia. "Yaani niende kuwatumikia waliotushinda?"

"Nani ameshinda, shemeji? Mimi?" Festo akanyoosha mikono yake, imepasuka kwa udongo na baridi. "Mimi nafyatua matofali ya nyumba ambamo sitalala. Hizo ni za watu wa kuja na magari. Lakini mwaka huu nitakula, na wewe utakula. Njoo."

Elia akamgeukia mama yake. Mama akasema, "Nenda."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Tukaandaa chakula, tukala viazi na maharage, Festo akiwachekesha watoto. Ndipo mama mkwe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na huko kwenu, baba, wanajenga kwenye shamba la nani?"

Festo akaacha kutafuna. "La mama mmoja mjane," akasema. "Mama Tuliza. Analima nje kidogo ya mji, juu ya kwetu. Amepewa sehemu nyingine, mbali. Bado ni pori."

"Ana watu wa kumsaidia?"

"Binti mmoja."

Mama mkwe alimaliza chakula chake, akanawa, akajifunga kanga vizuri, akapanda mlima. Jioni akarudi na debe kichwani. Lilikuwa limejaa mbegu za viazi, zile alizochagua mwenyewe kwa ajili ya msimu ujao, zimeanza kutoa macho.

"Utampelekea huyo mama," akamwambia Elia. "Mwambie asizipande mahali panapotuama maji. Usimwambie zimetoka kwa nani."

"Sasa nimwambie nini, mama?"

"Mwambie zimetoka Mbeya."

Elia ameshafunga mizigo. Msumeno, randa na patasi amezizungushia gunia, na debe amelifunika kwa jani la mgomba. Asubuhi wataondoka pamoja na Festo. Nitamkumbuka, na nyumba itakuwa kubwa, lakini leo nimemwona mume wangu akicheka na mama yake. Nashukuru. Shamba limebaki, kazi imepatikana, mdogo wangu atauza matofali yake. Sikujua niombe nini, na nimepewa kuliko ambavyo ningethubutu kuomba.

Ila nikishukuru namwona mwanamke nisiyemjua, amesimama ukingoni mwa pori na jembe moja na binti mmoja.

Likizo ya Desemba nitakwenda Mlandege, mvua zitakuwa zimeanza na viazi vitataka kupaliliwa. Nitamtafuta. Nimejaribu kupanga maneno ya kumwambia, nimeshindwa. Labda nisiseme kitu. Nitamsalimu, kisha nitachukua mstari wa pembeni nianze kulima.