Unga wa Kuzima Moto

Kitale, 9 Januari 2025

Kwako Baba mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Mwokozi. Mimi sijambo, hofu ni kwako. Watu huandika maneno hayo kwa mazoea tu, lakini leo nimeyaandika kwa maana yake. Kelele za mashine yako ya kusaga posho zilishakula masikio yako na simu huisikii, ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa na kumpa Kipkorir, dereva wa lori la duka ninalofanyia kazi, akupitishie hapo Tongaren.

Jumatatu gereji iliyo nyuma ya duka letu iliungua. Dizeli ilishika moto, fundi akakimbilia ndoo ya maji. Baba, niliona moto ukipanda juu ya yale maji na kumfuata hadi mlangoni. Alitoka, lakini nikifunga macho bado namsikia. Tangu siku hiyo nawaza mashine yako tu: pipa la dizeli, nyaya za stima zilizofungwa na nailoni, magunia hadi darini, na wewe unalala humo humo kwa kuogopa wezi.

Hapa dukani tunauza mitungi ya kuzima moto, nikamuuliza bosi wangu Manish upi unakufaa. Wa maji ni wa magunia na mbao. Kwenye dizeli utaeneza moto, kwenye stima utakuua wewe. Wa povu unaweza dizeli, stima hauiwezi. Wa gesi unafaa stima, lakini mahali palipo wazi kama kwako upepo utaipeperusha. Manish anasema kwa mashine ya posho ni unga, basi. Unga unazima dizeli, stima na magunia. Mwisho wa mwezi nitakutumia. Kabla ya hapo, tafadhali, toa kitanda humo ndani.

Mwanao,
Nangila

Tongaren, 17 Januari 2025

Kwako mama yangu Nangila,

Nimepokea barua na sukari uliyotuma. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Wanasema jogoo wa jirani yangu Wakoli anawika usiku kucha, mimi simsikii, namshukuru Mungu. Wewe na Kitale yako mko salama?

Ati unga! Nilicheka hadi wateja wakadhani nimepata wazimu. Miaka yote hii napiga chafya ya dawa ya moto bila kujua! Mama, usipoteze mshahara wako kwa mtungi. Kama ni unga, huku ninao hadi kwenye nyusi. Nimejaza debe moja, ule laini unaoshika kwenye kuta, nikaliweka kando ya injini pamoja na kopo la kurushia. Moto ukithubutu, nitausongea ugali.

Kitanda hakitoki. Juzi wezi walijaribu kufuli tena. Nilikuta alama za chuma asubuhi, sikuwa nimesikia kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi, sio moto.

Baba yako

Kitale, 20 Januari 2025

Baba,

Nisamehe, leo sianzi na salamu. Toa hilo debe nje sasa hivi, kisha urudi umalize kusoma.

Unga wa mtungi si unga wa mahindi. Ni dawa ya kiwandani, inafanana tu na unga, nasi tumeiita hivyo kwa kukosa neno lingine. Unga wa mahindi ni chakula, na moto unaula. Ukiurusha juu ya moto, vumbi lote linawaka kwa mara moja na kukulipukia usoni. Na ule laini wa kwenye kuta ndio mbaya zaidi. Manish nilipomsomea barua yako alikaa chini kwenye mfuko wa saruji akasema, "Mwambie mzee leo, usingoje kesho."

Nimempigia Wakoli, simu yake imezimwa. Nimemsihi Kipkorir aondoke leo, na amebeba mtungi wenyewe: mwekundu, una mstari wa buluu. Utundike karibu na mlango, si nyuma ya injini, moto usije ukakuzuia kuufikia. Vuta pini, elekeza mpira chini kabisa moto unapoanzia, bana mpini, fagia huku na huku. Mgongo wako uwe upande wa mlango. Ukiona umeshindwa, kimbia. Magunia tutanunua mengine.

Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Nangila

Tongaren, 21 Januari 2025

Mama,

Sijambo. Debe nimelitoa.

Lakini sikulala. Hujui nilivyojisifu. Barua yako ya kwanza niliwasomea watu wote kwenye foleni ya kusaga: ati binti yangu wa Kitale amesema unga huzima moto! Walipiga makofi, niliiona mikono yao. Leo tangu asubuhi nazunguka nyumba kwa nyumba kulirudisha neno hilo. Wakoli alikuwa na sufuria nzima ya unga karibu na jiko. Wananijibu na sisikii, naangalia midomo, sijui kama wananiamini au wananicheka.

Amebaki mmoja, Chepngeno, yule mjane mwenye mashine ya dizeli kule Kachibora. Siku hiyo alikuja kuniomba mkanda wa mashine, akaondoka na wazo langu. Namba yake hatuna. Kesho naenda na bodaboda, nimepakata mtungi nimwonyeshe tofauti. Usiwe na wasiwasi. Ama uwe nao kidogo, maana mimi ninao.

Baba yako

Kitale, 23 Januari 2025

Baba,

Dukani wanasema mashine moja imewaka moto Kachibora jana. Wanasema mzee mmoja aliingia ndani watu wakimpigia kelele atoke, na hakugeuka. Jina lake hawalijui. Wanamwita mkaidi. Mimi nimewaambia pengine hasikii.

Kipkorir anapita huko leo. Nimempa barua hii akutafute. Nijibu, Baba.

Mwanao,
Nangila

Kachibora, 24 Januari 2025

Mama,

Mwandiko huu ni wa Chepngeno, mimi nasema tu. Niko hai, nimelazwa zahanati ya hapa.

Nilipofika, injini ya Chepngeno ilikuwa inawaka moto na yeye amesimama na kopo la unga. Nilipiga kelele nikamvuta nyuma, lakini unga ulikuwa umeshatoka mkononi. Ulinilipukia usoni, kama ulivyosema. Kisha nikavuta pini, nikafagia chini, mgongo mlangoni, macho nimeyafumba. Moto ulizimika. Chepngeno ameungua mkono wa kushoto tu, bandeji yake nimeipapasa, ndiyo ninayomtambulia.

Barua imeletwa, nadhani ni yako, kwa mkono wa Kipkorir. Wamenishikisha tu mkononi. Macho yangu yamefungwa bandeji, na wakinisomea sisikii. Nimemuuliza daktari mara nyingi kama yatafunguka. Pengine amenijibu. Nimemwambia Chepngeno anibane mkono kama jibu ni ndiyo. Ameushika, hajabana. Pengine hawajajua bado.

Naogopa, mama. Mbali na Chepngeno, kila anayenigusa simjui ni nani. Usiniandikie tena, njoo. Viganja vyangu havikuungua. Ukifika, niandikie jina lako kiganjani, kwa herufi kubwa.

Baba yako