Saru Alisema Mama Yake Alizikwa

Dada Mghoi,

Saru yu hai. Naanza na hilo, kwa sababu ningekuwa mimi niliye huko uliko, ndilo neno ambalo ningetaka kulisikia kabla ya salamu. Mjukuu wako yu hai, jana alikunywa uji, na leo wamemruhusu kurudi nyumbani kwako.

Sasa nitakueleza. Nimeandika na kufuta, nikaandika tena. Unanijua, mimi si mtu wa kufuta.

Tulipokuzika tulikubaliana kwamba Saru abaki katika nyumba yako hadi amalize kidato cha nne, na jirani yako, Mama Malemba, awe anamtazama. Mtoto mwenyewe hatukumuuliza. Alikuwa jikoni akiosha sufuria za matanga. Kisha tukapanda ndege. Mimi nikarudi hapa Al Wukair, Qatar, kwa mwanangu, kulea wajukuu. Mwanao Wakio, mama yake Saru, akarudi kwa mwajiri wake kule The Pearl, kwenye jumba refu lililozungukwa na mashua za matajiri, kupika na kupiga pasi. Tukaona tumepanga vizuri.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada, kina mama wa kwetu wanaofanya kazi huku walikutana mtaa wa Najma, kama kawaida yao, katika chumba cha mmoja wao. Waliniomba niwasomee kwa Kiswahili kinachoeleweka habari za mswada unaozungumzwa nyumbani Kenya. Mswada huo unasema kwamba msichana aliye chini ya miaka kumi na minane asihudumiwe na daktari kwa jambo lolote la mimba kabla mzazi wake hajajulishwa, na kwamba kabla ya kukubali chochote, mwenye kukubali aelezwe hatari zote waziwazi. Mimi niliuona mswada mzuri, na nikawaambia hivyo.

"Mwalimu, soma polepole," mmoja akasema. "Tumetoka kuosha madirisha, masikio yamejaa sabuni."

Mwingine akasema, "Wangu akipatikana na mimba, wanipigie simu hata nikiwa nakaanga samaki!"

"Watakupigia simu gani wewe? Ile iliyo kwenye droo ya madam?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakio naye alicheka. Simu yake yeye hukaa kwenye droo mlangoni, hupewa siku ya Ijumaa tu. Niliwanyamazisha kwa kugonga meza, nikaendelea kusoma. Nilipomaliza walipiga makofi, wakaweka sahihi zao kwenye karatasi ya kuunga mkono, niitume nyumbani. Wakio akaweka yake. Alikuwa na furaha, dada. Alisema, "Mama mdogo, umesoma kama zamani darasani."

Jumanne namba ya nyumbani nisiyoijua ikanipigia. Muuguzi, kijana kwa sauti yake, akaniuliza kama mimi ni Mwalimu. Akasema wana msichana wodini, ana homa kali na anatoka damu. Mimba imeharibika na haijatoka yote, ni lazima asafishwe. Daktari anaogopa kumgusa bila mtu mzima wa kwake kukubali, maana siku hizi, akasema, jambo kama hili linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mama Malemba amempeleka hospitali, lakini si wa ukoo. Namba yangu ameikuta kwenye ukuta wa jikoni.

Ile uliyoiandika kwa mkaa, dada. Nilikugombeza kwa kuchafua ukuta.

Nilimuuliza jina la msichana ingawa nilikwisha kulijua. Aliposema Saru nilikaa sakafuni. Sikuanguka. Nilikaa tu, kama mtu aliyeambiwa akae. Mjukuu wangu mdogo alikuja akanikalia mapajani akidhani ni mchezo.

Nikamwambia muuguzi, mzazi wake yupo, nipe muda. Nilipiga simu ya Wakio. Imezimwa. Nilijua imezimwa, na bado niliipiga tena na tena, ikinijibu yule mwanamke wa mashine kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Mke wa mwanangu alikuwa ametoka zamu. Alipoona uso wangu alimchukua mtoto. Nilipanda teksi.

Lile joto unalikumbuka kwa kusimuliwa tu. Nilifika mlangoni mwa jumba lile nimelowa kama niliyemwagiwa maji. Mlinzi alikuwa mmoja wa vijana wetu, wa Nairobi, amevaa sare nzito.

"Shosho, hapa huwezi ingia bila namba ya nyumba."

Siku nyingine ningemfundisha kusema bibi badala ya shosho, na namna ya kuisema sentensi hiyo. Siku hiyo nilimshika mkono na kumwambia kwamba namtafuta Wakio, na kwamba mtoto wake anakufa.

Kumbe alimjua Wakio na nyumba anayofanyia kazi. Kisha akainua simu ya mezani, akazungumza kwa Kiarabu cha huku kwa sauti ya uchangamfu ambayo haikufanana na uso wake. Akakata. "Nimemshow madam kuna mzigo wake hapa chini, shaghala, yaani housegirl wake, ashuke auchukue. Mzigo ni wewe, shosho. Keti hapa kwa AC."

Wakio alitoka kwenye lifti na unga mikononi. Aliponiona alisimama. Jumanne, dada. Siendi kwake Jumanne.

"Mama mdogo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Ni Saru."

Nikamwambia. Nilitafuta maneno ya heshima, nikakuta yote ni marefu mno. Nilimwambia kama nilivyoambiwa mimi. Hakulia. Alijifuta unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akachukua simu yangu, akaipigia namba ya muuguzi. Nikaiweka kwa sauti ili sote tusikie. Mlinzi aligeuka akatazama barabara.

Safari hii alikuwa daktari mwenyewe. Akauliza anazungumza na nani. Wakio akasema, "Mimi ni mama yake Saru."

Daktari akasikika akipekua karatasi. Kisha akasema, "Samahani, mama. Kuna utata kidogo. Huyu binti tangu jana anatuambia mama yake alizikwa. Ametupa na jina. Mghoi."

Dada yangu.

Nilifundisha miaka mingi, na sijui jina la kilichopita usoni mwa mwanao. Mama hai, amesimama na miguu yake, anaambiwa amezikwa, na aliyesema ni mtoto wake. Nilitaka kuikata simu ile. Nilitaka kumgombeza Saru, huko huko kitandani. Nilitaka wewe uwepo ili mtu fulani aseme kitu.

Wakio alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Amewaambia kweli, daktari. Aliyemlea tulimzika. Mimi ndiye niliyemzaa. Kama mzaa anatosha, msafisheni."

Daktari akaanza kumweleza hatari. Damu inaweza kuzidi. Kizazi kinaweza kuumia. Pengine asizae tena. Akauliza kama ameelewa. "Nimeelewa. Na yeye? Mmemweleza yeye haya yote, au mnanieleza mimi niliye huku? Mwelezeni kwanza. Akikubali, mimi nimekubali."

Tulisikia nyayo, na mlango, na sauti ya daktari mbali ikieleza tena. Kisha tukamsikia Saru. Neno moja tu. "Ndiyo."

Wakio akaita, "Saru, mwanangu." Lakini simu ilikuwa imekatwa.

Alirudi juu. Alikuwa na mkate kwenye jiko. Mlinzi akamwambia, "Pole, siz," akampa katoni tupu abebe, ili madam aone mzigo. Aliibeba kifuani, mlango wa lifti ukafungwa.

Sijui kama Saru alisema vile kwa hofu, ili mama yake asijue, au alisema kile anachokiamini. Sijui pia ni nani aliyempa mimba hiyo, wala kama ilitoka yenyewe au alisaidiwa kuitoa. Mke wa mwanangu, ambaye ni muuguzi, ananiambia kwamba huku wangeanza kwa kumuulizia mume wake na cheti cha ndoa. Kwetu wanataka waanze na mzazi. Nilimsikiliza, nikakumbuka siku niliyovunja ungo. Mama alikuwa hapo hapo uani, akichambua mboga. Nilimpita nikakufuata wewe kisimani. Ulivua kanga yako ukanifunga, ukaniambia, "Twende, usitembee mbele yangu, nikukinge wasikuone." Hukumwambia Mama hadi mimi mwenyewe nilipotaka.

Bado ninaamini mzazi ajulishwe. Siwezi kukudanganya hata sasa. Lakini karatasi yenye sahihi za kina mama sijaituma, na Ijumaa nitaipeleka Najma niwarudishie. Nitawauliza, kabla hatujaendelea, kila mmoja aseme mtoto wake humwendea nani anapoogopa. Najua Wakio atajibu nini. Sijui kama nitaweza kumtazama akijibu.

Mwanangu amenikatia tiketi. Amekasirika kidogo, watoto watalelewa na nani. Nimemwambia wana mama na baba ndani ya nyumba moja, wana bahati ambayo hawaijui. Nitakaa kwako. Nitalala kwenye kitanda chako, kwenye chumba anachopitia Saru akienda kuoga, ili akinipita anione. Sitamuuliza. Unajua itakavyonigharimu kutouliza. Nitachambua mboga, nitanyamaza, na siku akisimama mbele yangu nitavua kanga.

Na kila Ijumaa, simu ya mama yake itakapotolewa kwenye droo, nitampigia nimpe Saru, hata kama watasikilizana pumzi tu.

Ule ukuta sitaupaka rangi. Pumzika, dada. Zamu yako nimeipokea.

Mdogo wako,
Mwalimu